Uzito wa Gunia

Baba yangu, Blasio, alipima kahawa kwa miaka ishirini na miwili katika ghala moja la Kinyamaseke kabla hajaanza kupima watu. Kazi hiyo ya pili nilimtafutia mimi. Naanza na hilo ili lawama isije ikaenda kwa mtu mwingine.

Mwaka 2014 nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya biashara na jozi moja ya viatu vya kuombea kazi. Mwaka huohuo Bwana Omara, mtu wa Lira aliyetajirika kwa malori, aliuza malori yake yote akanunua ndege moja kuukuu ya abiria kumi na wawili. Alitangaza redioni kwamba anaanzisha shirika la ndege la watu wa kawaida, akaliita Mbayuwayu. Nauli ya kutoka Kasese mpaka Kajjansi, pale karibu na Kampala, ingekuwa shilingi elfu tisini na tisa. Mwendo ni saa moja na dakika kumi. Kwa basi, mtu wa Bwera aliondoka kuku hawajashuka, akafika Kampala miguu imevimba na siku imekwisha.

Nilimwandikia barua ya kurasa tatu. Akanipigia simu.

"Immy, barua yako ndefu," alisema, "lakini nimeisoma yote. Sikiliza. Kwangu hakuna chai, hakuna gazeti, hakuna mto wa shingo. Kwangu kuna kufika tu. Unaweza kuwauzia watu kufika?"

Nikasema naweza. Nilimpenda mtu yule kwa sentensi hiyo moja.

Ofisi yangu ilikuwa meza, simu na mwavuli wa buluu kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Kasese. Siku za soko nilikwenda Bwera. Jumapili nilipanda Kyarumba, na mchungaji alinipa dakika tano baada ya matangazo ya ndoa. Maswali niliyoulizwa sikufundishwa chuoni.

"Inasimama Mbarara, nishukie hapo?"

"Nikikubali kusafiri nimesimama, mtanipunguzia?"

"Rubani ameoa? Mimi sipandi na mtu ambaye hakuna anayemngoja nyumbani."

Rubani alikuwa ameoa. Aliitwa Kapteni Kiiza, alikuwa amerusha ndege za jeshi, na ingawa alikuwa amevua magwanda miaka tisa iliyopita, uwanja mzima ulimwita afande. Ndiye aliyenifundisha jambo moja kubwa kuliko yote: ndege ndogo huruka kwa hesabu ya uzito. Kasese ni joto, hasa saa sita mchana, na hewa ya joto hainyanyui sawa na hewa ya asubuhi. Kwa hiyo aliniandikia kikomo kwenye kipande cha boksi: kilo elfu moja na ishirini, watu na mifuko yao pamoja.

"Ikizidi, sitoki hapa," alisema. "Mimi sibembelezwi."

Mzani ulioletwa ulikuwa wa jukwaa, wenye mshale, ndugu kabisa wa ile ya kwenye maghala ya kahawa. Hapo ndipo shida ilipoanza. Katika milima yetu mzani haupendwi. Mkulima anashuka na gunia kichwani kutoka Kyarumba, mshale unasema sitini na tano, mpimaji anaandika sitini na mbili. Ukiuliza, unaambiwa tatu ni uzito wa gunia. Gunia lenyewe halifiki hata kilo moja na nusu, na kila mtu anajua. Ndiyo maana mtu haendi mzanini peke yake, anakwenda na mwenzake wa kuangalia mshale.

Basi na abiria wetu walikuja hivyo. Kila msafiri alikuwa na mtu wake wa kuchuchumaa mbele ya mshale na kubishana, maana kilo zikizidi kikomo, mtu au mfuko ungebaki. Kijana mpole aliyeletwa kutoka Kampala kupima alidumu wiki mbili. Safari ya tatu ilichelewa dakika hamsini kwa sababu ya ubishi juu ya kilo moja ya bibi mmoja, na afande alikuwa anazunguka ndege yake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba.

Nikamfikiria baba. Lile ghala lilikuwa limefungwa, naye alishinda nyumbani akifungua na kufunga redio ambayo haikuwa mbovu. Nilimwomba Omara, akakubali, na Agosti baba akaanza.

Baba alikuwa kama amezaliwa kwa kazi ile. Alivaa koti lake la kanisani. Mtu akipanda mzanini, baba alimuuliza habari za mtoto wake kwa jina, za ng'ombe aliyevunjika mguu, za mahari ambayo haijatimia. Kabla mtu hajamaliza kujibu alikwisha pimwa na kuandikwa. Foleni ilitembea. Watu wa kuangalia mshale walipungua, kisha wakawa wanakuja kusalimia tu.

Na shirika likakua. Kufikia Desemba ndege ilikuja Jumanne na Alhamisi, Omara alikuwa amenunua ya pili na kufungua Gulu na Arua. Mama mmoja wa Kyarumba, Eseza, aliyekuwa anauza kahawa na maharage, alikuwa hajamwona binti yake wa Kampala kwa miaka minne, na sasa alikwenda kila mwezi. Martine, mfanyabiashara wa vitenge pale Bwera, aliyetoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita, aliondoka Jumanne akarudi Alhamisi na mzigo. Omara aliniambia Februari ikienda vizuri, Kasese itapata siku ya tatu. Usiku nilikuwa siandiki tena barua za kuomba kazi. Nilichora ratiba.

Jumanne moja ya Februari 2015, Kapteni Kiiza alinipigia kutoka Kajjansi. Hakunisalimu.

"Ndege yako ilikuwa nzito kuliko karatasi yako."

"Afande, jumla ilikuwa elfu moja na kumi na mbili."

"Karatasi inasema hivyo. Ndege haikusema hivyo. Nimenyanyuka mwisho kabisa wa uwanja, abiria wakapiga makofi wakidhani nawaonyesha ufundi. Angalia mzani wako kabla ya Alhamisi. Na uniambie ukweli. Bosi atakuwa na mimi, anakuja kuangalia hiyo habari ya siku ya tatu, halafu anarudi na ndege hiyohiyo."

Alhamisi asubuhi, tukiwa wawili tu uwanjani, mimi na baba, niliweka juu ya mzani mfuko wa saruji wa kilo hamsini. Mshale ukasema hamsini. Nikaweka miwili, ukasema mia. Mzani ulikuwa mzima. Nikapanda mwenyewe.

"Baba, niandike na mimi, kwa kujaribu."

Akainama, akaangalia, akaandika. Nikashuka nikatazama daftari.

"Mshale ulisema sitini na moja."

"Nimeona," alisema baba.

"Umeandika hamsini na nane."

"Si umevaa?"

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kwa upole uleule aliotumia kunifundisha kusoma saa nikiwa mdogo. Ghalani waliandika kahawa, hawakuandika gunia. Na gunia la mtu ni nguo na viatu, kilo tatu. Akiwa na mfuko, mfuko wenyewe bila vitu vyake ni kilo mbili.

"Tajiri wangu alinilazimisha kukata tatu kwa gunia la kilo moja na robo," alisema. "Miaka ishirini na miwili, Immy. Nilikuwa siwezi kukaa benchi moja na watu kanisani. Hapa nikasema nitakata kwa haki. Nilipima nguo za mama yako na viatu vyake kwanza, ili nisimdhulumu mtu hata kidogo. Yule Martine anavaa vitenge vinne kimoja juu ya kingine, yeye namkatia nane."

Alisema hayo kwa fahari. Nilitamani ardhi inifiche, maana nilijua sentensi inayofuata ni yangu.

"Baba, kahawa ikifika, gunia linabaki. Mtu akipanda ndege, nguo zake zinabaki wapi?"

Akaangalia uwanja, ile njia ya kurukia iliyonyooka mpaka kwenye majani. Kisha akakaa juu ya mifuko ya saruji.

"Watu kumi na wawili," alisema. "Tano tano."

"Sitini, Baba. Mara nyingine zaidi."

"Mtu mzima mmoja." Alivua kofia. "Kila safari nilipandisha mtu mzima mmoja ambaye afande hamjui. Na Eseza alikuwa ndani. Na watoto wa watu."

Nilitoa simu nimwambie Kapteni. Nakiri kwamba kidole changu kilisita. Niliona siku ya tatu inafutika, niliona mwavuli wangu wa buluu ukikunjwa, na zaidi ya yote niliona baba amerudi kwenye ile redio. Baba alinishika mkono.

"Wako angani tayari. Usiseme kwenye simu. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Wewe leo kaa na daftari. Mimi nitasoma mshale, wote, kama ulivyo."

Abiria kumi na mmoja walikuwa wamekata tiketi siku hiyo, na Omara akiwa wa kumi na mbili. Walipoanza kufika, Eseza alikuwa wa kwanza mzanini, na kikapu chake cha maharage.

"Tisini na nne," baba alisoma kwa sauti.

"Ngapi?" Eseza hakushuka. "Baba Immy, mwezi jana mimi ilikuwa themanini na nane."

"Leo ni tisini na nne."

"Nimeongeza kilo sita nikichuma kahawa? Jua hili? Nyinyi watu, mnaona?" Aligeukia foleni. "Amerudia kazi yake ya zamani! Tulifikiri hiyo mambo iliisha."

Martine naye akapanda. Baba akasoma tisini na tisa.

"Papa Blasio!" Martine alipiga makofi mara moja. "Jumanne ya wiki jana niko makumi munane na kitu. Leo makumi kenda na kenda? Nilikula nini mie, majiwe? Hapana. Huyu mutu analipwa na tajiri mwingine."

Nilikuwa nimeketi na kalamu, na macho yalinichoma. Siku ya kwanza katika maisha yake baba alipousoma mzani jinsi ulivyo ndiyo siku waliyomwita mwizi. Alisoma namba, mtu baada ya mtu, jasho likimtoka kwenye kola ya lile koti la kanisani, na watu wakaanza tena kuchuchumaa mbele ya mshale na kuchungulia.

Ndege ilitua katikati ya kelele hizo. Omara alishuka, mtu mkubwa mwenye kicheko kikubwa, lakini hakucheka alipoona foleni imegeuka duara. Kapteni Kiiza alikuja nyuma yake.

"Kuna nini hapa?"

Baba alisogea mbele ya afande akasimama wima, kama aliyeitwa ofisini.

"Afande, nimekudanganya tangu Agosti," alisema. "Sikujua kwamba nadanganya, lakini karatasi zote zina uongo wangu." Kisha akawageukia abiria, akaeleza habari ya gunia. Alieleza yote, ya ghalani na ya hapa, bila kujipunguzia. Alipofika kwenye kupima nguo za mama, mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza. "Mwezi jana, mama Eseza, ulikuwa tisini na tatu. Mimi ndiye niliyekuvua nguo kwenye daftari."

"Hee! Mbele ya mchungaji?" alisema Eseza, maana mchungaji alikuwa kwenye foleni. Duara zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akashika kikapu kisianguke.

Kapteni hakucheka. "Jumla ya leo, ya kweli, na Bwana Omara ndani?"

Omara akapanda mzanini na mkoba wake. Mia moja na sita. Nikajumlisha mara mbili.

"Elfu moja tisini na moja, afande."

"Sabini na moja juu. Sitoki."

Jua lilikuwa kichwani, milima nyuma yetu imefunikwa na ukungu wa joto. Martine ndiye aliyeanza. Alifungua kitenge cha juu, kisha cha pili, akavikunja vizuri, akaviweka mikononi mwa baba.

"Basi, mie nabakia na viwili. Mutu mukubwa anatosha na viwili. Utapelekea dada yangu Alliance kule Bwera, na usivikate kilo."

Eseza akaacha kikapu cha maharage. Mchungaji akaacha sanduku la vitabu vya nyimbo, akiomba lisikae juani. Mtu mmoja aliacha ndizi, mwingine samaki wa kukaushwa wa Katwe, ambaye harufu yake ilifanya wengi washukuru. Nikapima tena. Kilo ishirini na nane bado zilikuwa juu.

"Mtu mmoja abaki," alisema Kapteni.

Watu wakaangalia miguu yao. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: mgonjwa, kesi, mtoto wa shule. Omara alitazama orodha yangu, kidole kikishuka taratibu kwenye namba, mpaka kilipofika kwenye namba kubwa kuliko zote.

"Aah," alisema. "Huyu hapa."

"Bosi, wewe una mkutano saa kumi," Kapteni alimkumbusha.

"Nitapanda basi. Niliwahi kupanda mabasi kabla yenu nyote." Akauchukua mkoba wake mwenyewe.

Ndege iliwasha, ikakimbia, na kabla haijafika nusu ya uwanja ilikuwa imekwisha achana na ardhi. Sikuwahi kuiona ikinyanyuka mapema hivyo. Baba aliitazama mpaka ikawa kitone juu ya ziwa, huku amekumbatia vitenge vya watu.

"Mzee," Omara alisema, bado anaangalia juu. "Mzani huwezi kuushika tena. Unanielewa? Nikikuacha hapo leo, wakaguzi wakija sina la kuwaambia, na nafsi yangu pia sina la kuiambia."

"Naelewa, bwana."

"Immy ataushika. Wewe utakwenda Kajjansi wiki mbili, ukafundishwe na watu wa mizigo. Ukifaulu mtihani, unarudi. Usipofaulu, hurudi." Akanigeukia. "Na wewe. Uliweka mtu bila kumfundisha kwa sababu ni baba yako na unampenda. Mimi nilikubali kwa sababu nilitaka foleni itembee. Tumekosa sote wawili. Siku ya tatu nilikuja kuitangaza leo, sasa siitangazi. Watu wamejua kwamba namba zetu zilikuwa za uongo. Kama Jumanne watakuja, tutazungumza. Kama hawaji, nitawaelewa."

Nilitaka kusema maneno mengi mazuri. Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Tulimsindikiza mpaka kwenye basi. Kisha baba na mimi tukapakia vitu vya watu kwenye gari la kukodi, na alasiri ile tukazunguka navyo. Sanduku la vitabu tulilirudisha kanisani, maharage tukampa mume wa Eseza mahali barabara ya Kyarumba inapoanza kupanda. Baba alishuka kila mahali, akaeleza upya kosa lake kwa kila aliyepokea mzigo. Nilimwambia haina haja, habari zitafika. Akasema zifike kutoka kwake.

Bwera tulifika soko likianza kufungwa. Kwenye kibanda cha Martine alikuwa amekaa dada yake, Alliance, mwembamba, miwani imeshushwa mpaka puani. Baba akampa vitenge na kuanza maelezo yake, lakini Alliance akanyanyua mkono.

"Martine alishapiga simu. Wamefika. Anasema leo ndege iliruka kama imepigwa na fimbo." Alivikagua vitenge pindo hadi pindo, akaviweka kwenye rafu. "Papa, kweli ulimutolea kilo munane?"

"Nane kamili, mama."

"Anasema katika maisha yake mizani yote ilimwibia, ya kwako tu ndiyo ilimupatia kitu. Na karibu imuue." Alimtazama baba kwa muda mrefu juu ya miwani. Baba hakuinamisha macho. "Nani atapima Jumanne?"

"Mimi," nikasema.

"Na Papa?"

"Mimi nitakuwa nimekaa ndani," alisema baba. "Nakwenda kufundishwa. Sijawahi kupanda."

Alliance akashusha pumzi. Akavuta kiti cha plastiki, akamsogezea baba, kisha akachukua karatasi ya kufungia na kuigeuzia upande mweupe.

"Niko na safari ya Kampala tangu Desemba, nilikuwa naogopa. Niandike Jumanne. Na mwenye duka hili la pembeni, yeye na bibi yake, waliniuliza mchana. Hao wawili pia." Akanipa kalamu. "Kilo mutaona hukohuko."

Nikaandika majina matatu. Nyuma yangu nilimsikia baba akimuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ni kweli kwamba masikio huziba.